Wageni wa Kaskazi

  Wasikilizaji wapenzi, magoti yangu yananung'unika, lakini hayo yamepanda ngazi za meli miaka thelathini na kitu, acha yanung'unike.

Leo nina swali moja, na nitalirudia mara kadhaa, kwa hiyo hata aliye jikoni akikosa mwanzo atalipata mbele. Swali lenyewe ni hili: ni nani amekufikia nyumbani mwezi huu wewe ukiwa huna habari? Sisemi jamaa wa bara aliyekuja bila kupiga simu. Nasema mgeni wa juu. Mgeni wa hewani. Liweke swali hilo karibu, tutalirudia.

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambayo ukikaa barazani unaiona Bandari ya Kale. Siku zile majahazi yalikuwa bado yanakuja kwa wingi. Upepo ukigeuka mwisho wa mwaka, bibi yangu alikuwa akilowesha kidole kwa mate, anakinyanyua juu, kisha anasema, "Kaskazi imeingia. Wageni wako njiani." Na kweli, baada ya siku kadhaa bandari inajaa. Mabumu ya Kuwait, majahazi ya Sur kule Omani, mengine ya Mandvi kule Gujarat. Wanashusha tende, papa mkavu, chumvi, mazulia. Kusi ikishika, wanapakia boriti za mikoko na kurudi kwao.

Wenzangu walikimbilia tende. Mimi nilikuwa nakwenda kukaa juu ya gati na kuwauliza mabaharia wametoka wapi. Umetoka wapi? Kwenu kukoje? Kuna miti gani? Kuna ndege gani? Walinicheka, lakini walinijibu. Basi mapenzi yangu ya kutembea duniani yalianzia pale, kwa kukaa kitako na kuwasubiri waliotembea.

Kitu kimoja lakini sikukitilia maanani. Kaskazi ilipokuwa ikiingia, kereng'ende nao walikuwa wakijaa mji mzima. Mnawajua kereng'ende? Wadudu wembamba, macho makubwa, mabawa manne kama karatasi ya nailoni, wanatua juu ya kamba za nguo. Sisi watoto tulikuwa tukiwafunga uzi mkiani na kuwarusha kama tiara. Mungu atusamehe. Tulikuwa tukimfunga uzi mgeni aliyetoka mbali kama yale mabumu, na hatukujua.

Sasa niwapeleke baharini.

Mwaka 1978, mwezi wa Novemba mwishoni, nilikuwa kijana wa sitaha katika meli ya mizigo iliyotoka Bombay, ambayo siku hizi inaitwa Mumbai, kuja Mombasa. Siku ya nne. Mnajua siku ya nne baharini? Nchi uliyoiacha huioni, nchi unayoiendea huioni, hata shakwe amekata tamaa amerudi kwao. Ni maji na mbingu. Asubuhi hiyo nimetoka zamu, nimebeba kikombe cha chai, nikaona kamba za meli zimevaa kitu. Nikasogea. Kereng'ende! Wamening'inia mstari mzima kama nguo zilizoanikwa. Nikasema, huyu mdudu wa madimbwi kafikaje hapa katikati ya bahari?

Kabla sijapata jibu, juu ya winchi ya mbele ametua kozi mdogo, mdogo tu, kama njiwa hivi. Mgongo wa kijivu cha masizi, na miguu, jamani, miguu ya rangi ya chungwa bivu, utadhani amepakwa hina. Amechoka, mabawa ameyalegeza. Mimi nimesimama na chai yangu, yeye amenitazama, nami namtazama.

Akaja serahangi wetu. Serahangi ni yule mkubwa wa watu wa sitaha, na wetu alikuwa mtu wa Mandvi, aliwahi kuja Mombasa na majahazi akiwa mtoto, akakijua Kiswahili cha bandarini. Akamwangalia yule kozi, akaniambia, "Kijana, usimfukuze. Huyu anakwenda kwenu."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Kozi yule alipumzika mpaka jua linaelekea magharibi, akajinyoosha, akaruka. Na alikoelekea ndiko pua ya meli ilikoelekea. Kwetu.

Wasikilizaji, ile safari ndiyo iliyonigeuza. Wenzangu wakishuka bandarini wanatafuta redio za kaseti na viatu, mimi natafuta ndege. Katika duka la vitu vikuukuu mjini Durban nikanunua darubini, ile ya macho mawili, ninayo mpaka leo. Lenzi moja ina ufa lakini bado inaona. Na huko huko Natal, katika miji midogo ya ndani, ndiko nilikomwona tena kozi wangu, mwezi wa Februari. Safari hii hakuwa mmoja. Jioni walikuwa wanarudi kwa maelfu kulala juu ya mikaratusi katikati ya mji, watu wanapita chini na vikapu vyao vya sokoni, hawainui hata kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia chini ya miti hiyo aliniambia, kwa Kiingereza cha kuungaunga kama changu, kwamba hao ndege mwezi wa nne wote hawapo tena. Wanakwenda wapi? Akainua mabega.

Nikalipata jibu mwaka 1985. Meli yetu ilikwenda kupakia mbao Nakhodka, bandari ya Urusi ya mashariki ya mbali kabisa, ng'ambo ya Japani. Enzi hizo Vladivostok ilikuwa imefungwa kwa wageni, kwa hiyo meli za nje zilikuwa zinaingia Nakhodka. Klabu ya mabaharia wa kigeni ilitupakia basi siku ya Jumapili kutuonyesha mashamba nje ya mji. Mwezi wa Juni, baridi kidogo, maua kila mahali. Juu ya mti mmoja kuna kiota cha zamani cha kunguru. Na juu ya kiota hicho, nani amekaa? Miguu ya rangi ya chungwa!

Wenzangu walidhani nimeugua. Nilikuwa nimesimama katikati ya shamba la watu, machozi yananitoka, nasema peke yangu kwa Kiswahili, "Kumbe kwenu ni hapa."

Huyo ndege anaitwa kozi wa Amur. Amur ni mto mkubwa unaopita mpakani mwa Urusi na Uchina. Anazaliana huko, mashariki ya Siberia, Mongolia, kaskazini ya Uchina, mara nyingi katika viota vikuukuu vya kunguru na jamaa zake. Baridi ikianza kule anaondoka. Anapita Uchina, anashuka kaskazini-mashariki ya India, anaikata India yote, anavuka Bahari ya Hindi, anaingia Somalia, anapita Kenya na Tanzania, mpaka kusini mwa Afrika. Na mwezi wa nne na wa tano anarudi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita elfu ishirini na zaidi. Uzito wake? Gramu 150 hivi. Kipande cha sabuni.

Watu wameniuliza, wewe mtu wa Pwani na Siberia wapi na wapi? Nami huwajibu kwamba mimi si wa kwanza. Mwaka 1896 alikuwepo mtu wetu aliyeitwa Salim bin Abakari, alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, na masimulizi yake ya Kiswahili yakachapwa Ujerumani mwaka 1901. Kwa hiyo kozi wa Amur anakuja kwetu na Salim amekwenda kwao. Tunatembeleana.

Tulikuwa na swali, mnalikumbuka? Ni nani amekufikia nyumbani mwezi huu? Bado tunalo.

Ngoja nitoke kidogo njiani, kuna kisa sitaki kulala nacho. Watu wa Ulaya zamani waliona korongo weupe wanatoweka wakati wa baridi, wakabahatisha mengi. Kuna waliosema ndege huzama chini ya maziwa wakalala kwenye matope mpaka joto lirudi. Basi mwaka 1822, kaskazini ya Ujerumani, karibu na Klütz, akauawa korongo mmoja, na shingoni mwake umepita mkuki. Mkuki wa Kiafrika! Kama sentimita themanini za mti. Alichomwa huku kwetu barani Afrika, hakufa, akaruka nao juu ya jangwa na bahari mpaka nyumbani kwake. Ndipo wakaelewa. Korongo huyo yupo mpaka leo, amekaushwa, katika chuo kikuu cha Rostock, mkuki bado uko shingoni. Wameandika mahali alipopatikana, wameandika na mwaka. Aliyeurusha ule mkuki tu ndiye asiyetajwa, naye ndiye aliyewapelekea barua. Haya, turudi njiani.

Nilisema habari ya kereng'ende. Nani alikuja kutufumbulia fumbo lile? Mtaalamu wa viumbe vya baharini aliyekuwa akiishi Maldivi, jina lake Charles Anderson. Maldivi ni visiwa vya matumbawe, havina mito, maji matamu ya juu ya ardhi karibu hakuna. Na kereng'ende, kama mnavyojua, hutaga mayai kwenye maji matamu. Sasa, kila mwaka mwezi wa Oktoba na Novemba, visiwa vinajaa kereng'ende. Wametoka wapi, na wanafuata nini mahali pasipo na maji yao? Akaanza kuandika tarehe wanazofika, mwaka hadi mwaka, na mwaka 2009 akatoa hoja yake: hawa wanatoka India, Maldivi ni njia tu, wanapanda juu sana na kupanda upepo, na wanakwenda Afrika ya Mashariki. Wanafuata mvua. Mvua za India zikiisha, wanazifuata za kwetu, wanataga kwenye madimbwi ya vuli, watoto wao wanakua haraka kabla dimbwi halijakauka.

Upepo gani wanaoupanda? Hebu semeni wenyewe. Kaskazi! Upepo ule ule wa bibi yangu. Upepo mmoja ulileta bumu la Kuwait, ulileta tende, ulileta kereng'ende, na ukamleta kozi. Na kozi, wataalamu wanadhani, anapovuka ile bahari anakula hao hao kereng'ende njiani. Masurufu yanaruka mbele yake. Hilo la mwisho bado wanalichunguza, lakini mimi nilikiona chombo kimoja kimebeba wote wawili, na nina dhana yangu.

Kuna moja linanigusa zaidi kuhusu mdudu huyu. Kereng'ende anayefika Mombasa si yule atakayerudi India. Maisha yake ni mafupi. Anayerudi ni mtoto, au mjukuu, au kitukuu, hakuna aliyemfundisha njia. Nikiwaangalia jamaa zangu wa Mji wa Kale, wengine babu zao walishuka kwenye jahazi wakaoa hapa, kisha kitukuu amepata kazi Muscat amekwenda, nasema, haya, kereng'ende huyo.

Sasa nije mahali pagumu, maana safari haina mazuri matupu.

Kule kaskazini-mashariki ya India kuna jimbo linaitwa Nagaland. Milima, misitu, na bwawa kubwa la umeme, bwawa la Doyang. Kozi wa Amur wanapotoka Siberia hutua pale mwezi wa Oktoba na Novemba kwa makundi ambayo mtu hawezi kuyahesabu. Kwa nini pale? Kwa sababu ya kumbikumbi. Mvua zimeisha, kumbikumbi wanatoka ardhini, kozi wanakula, wananenepa, wanatia akiba ya mafuta mwilini. Maana mbele yao ni India nzima na bahari. Wapo waliopimwa kwa mitambo wakaonekana wametoka pale mpaka Somalia kwa siku tano hivi bila kutua.

Bwawa lile lilipojengwa, watu wengi wa vijiji vya jirani mashamba yao yaliingia maji. Wakageuka wavuvi. Wakawa na nyavu. Na juu yao, kila msimu, nyama inalala mtini kwa maelfu. Wakazipandisha nyavu za samaki juu ya miti. Mwaka 2012 kundi la watu, akiwemo mwandishi wa habari Bano Haralu, ambaye ni Mnaga mwenyewe, walikwenda wakapiga picha. Makadirio yalikuwa zaidi ya laki moja ya kozi kwa msimu mmoja. Picha zile nilionyeshwa na mjukuu wangu kwenye simu. Miguu ya rangi ya chungwa, imefungwa mafungu mafungu kama mchicha.

Siku hiyo sikula chakula cha mchana, sisemi uongo. Lakini baadaye nikajiuliza, mimi nina mdomo gani wa kuwasema? Sisi wa Pwani tumekula kasa mpaka mafuta yake tukayafanya dawa. Kasa naye ni msafiri, anavuka bahari nzima. Mwenye kula kasa atamcheka mla kozi kwa lipi?

Na watu wa Pangti, hicho ndicho kijiji chenyewe, hawakungoja kuchekwa. Wazee wa baraza wakakaa. Wachungaji wa makanisa wakaongea madhabahuni. Wakaweka faini. Mwaka uliofuata, 2013, msimu ule ule, nyavu zikashuka zote. Mwaka mmoja tu! Nimeishi nchi nyingi, nimeona sheria nyingi zilizochapwa kwenye karatasi nzuri, sijaona nyingine iliyofanya kazi kwa kasi hiyo. Mwaka huo huo wataalamu wakawafunga kozi watatu vyombo vidogo vya setilaiti, wakawapa majina: Naga, Wokha na Pangti. Fikiria, kijiji kilichokuwa kinawatega, ndege anapita juu ya Kenya akiwa na jina la kijiji hicho.

Mtasikia watu wakisema ndege hana pasipoti. Maneno matamu, lakini mimi siyakubali. Pasipoti anayo. Kila kijiji anachopita, ama kinamgongea mhuri ama kinamnyima. Mimi nimewahi kunyimwa viza, ubalozi siutaji, nilikaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka alasiri halafu karani akaniambia "hapana" bila kuinua macho. Iliniuma, nikarudi nyumbani, nikanywa chai. Kozi akinyimwa hapati pa kurudi.

Nagaland sijafika. Nasema wazi, ni mahali pamoja ninapopatamani, na pensheni ya baharia haifiki huko. Ila kwa sababu Pangti walishusha nyavu, mimi bado nina mgeni wa kumsubiri Voi.

Lakini kabla ya Voi, nijibu na simu ya wiki jana. Kijana mmoja alinipigia akaniuliza, "Babu, haya mambo ya kutembea duniani na kuangalia wanyama, si ya wenye pesa?" Swali zuri. Na ana haki, nusu. Kwenye lango la mbuga pana ada, hotelini pana bei za kutisha, na neno letu wenyewe, safari, ukilisema Ulaya mtu anaona simba na gari lisilo na paa. Sisi kwetu safari ni kwenda mazishini Taveta na mtungi wa samli. Wametuchukulia neno wakaliacha na maana moja.

Lakini nusu nyingine, kijana wangu, huna haki. Mimi nilizunguka dunia kwa mshahara wa kufagia sitaha. Na kabla ya hapo niliizunguka bila senti, nimekaa juu ya gati. Wageni wanakuja wenyewe! Nenda Mida, pale Watamu, maji yakitoka. Utaona ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, wanakimbiza kaa. Hao wanazaliana Omani na Ghuba, na Somalia pia. Wanachimba shimo kwenye mchanga kama panya, jike anataga yai moja tu jeupe, joto la mchanga linasaidia kulilea. Kisha wanakuja kwetu kula kaa. Mtu wa Omani hata akiwa ndege atajua njia ya Pwani yetu.

Au nikwambie habari ya Ngulia. Ngulia ni vilima ndani ya Tsavo Magharibi, na mwaka 1969 ilifunguliwa hoteli pale. Wakafunga taa kali ili wageni wamwone chui usiku. Ikafika Novemba, usiku hauna mwezi, ukungu umeshuka. Ndege wakaanza kunyesha. Ndiyo, kunyesha. Maelfu ya ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia, waliokuwa wakipita usiku juu kabisa, wakavutwa na taa ndani ya ukungu. Hakuna aliyekuwa akijua kwamba njia yao iko pale juu ya paa. Toka mwaka huo, kila Novemba na Desemba, watu hukusanyika hapo, wanawanasa kwa nyavu laini, wanawavisha pete mguuni yenye namba, wanawaachia. Wameshawavisha zaidi ya laki nne. Wengine wameonekana tena Urusi, wengine Arabuni.

Nilipostaafu nilikwenda, nikaomba nisaidie. Wakanipa kazi ya kushika vifuko. Saa kumi ya alfajiri, ukungu umekukaa kwenye nyusi, kifukoni mna kitu kinapiga moyo. Binti mmoja, Mkenya, hodari kweli, akamtoa ndege mdogo kuliko shomoro, akampulizia manyoya ya tumbo. Nikauliza, unampuliza nini? Akasema, "Naangalia mafuta yake, babu. Tazama hapa, hii rangi ya manjano chini ya ngozi." Nikatazama. Alikuwa nayo kidogo sana, kama siagi iliyopakwa na bakhili. Hayo ndiyo masurufu yake yaliyobaki, na alikuwa bado anakwenda. Akamweka kwenye mizani: gramu kumi na moja. Kijiko kimoja kikubwa cha sukari. Akamvisha pete, akaniwekea kiganjani nimwachie mimi. Ndege hakuruka mara moja. Alikaa, pengine sekunde tatu. Mimi nimeona Suez, nimeona Nakhodka, nimepita Rasi ya Tumaini Jema katika dhoruba, na nikiulizwa safari yangu ndefu ni ipi nazitaja hizo sekunde tatu.

Saa inanionya, mtayarishaji wangu ananionyesha vidole viwili nyuma ya kioo. Haya, dakika mbili.

Mama watoto wangu ni Mtaita, na dada yake ana shamba nje ya Voi, upande wa mashamba ya katani. Wazee wetu wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kozi wa Amur anapokuja anakula viwavijeshi na panzi, tena mvua za vuli zikinyesha anakula sana kumbikumbi. Hapo ndipo penye ugomvi, maana shemeji yangu naye anapenda kumbikumbi. Jioni anawasha taa, anaweka beseni la maji chini yake, wanaanguka, anawakaanga na chumvi. Asubuhi kozi wanaanza walipoacha wao, wanawadaka hewani kwa mguu na kuwala huku wakiruka. Mgeni na mwenyeji sahani moja. Na kule Pangti, kilomita maelfu kutoka hapa, ni kumbikumbi pia waliomnenepesha ili afike.

Jana usiku shemeji amenipigia simu. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo, udongo umelainika, vichuguu vimeanza kufunguka. Nikamuuliza, na juu? Umeangalia juu? Akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nashughulika na beseni."

Basi Jumamosi napanda treni ya asubuhi, Voi nashuka, na darubini yangu yenye ufa. Nanyi swali langu mnalo. Msikilizaji wa Lamu, wa Tanga, wa Malindi, wa Taveta, tokeni nje kesho alfajiri muangalie nyaya za umeme, muangalie kamba za nguo, muangalie juu ya mashamba baada ya mvua. Mkimwona mwenye miguu ya rangi ya chungwa, nipigieni, namba ya kipindi mnayo. Mniambie alikuwa peke yake au na wenzake, na alikuwa anaelekea wapi.

 Tuonane Jumanne ijayo, saa hii hii, nitawaambia kama wamefika.